Majumba ya Sinema ya Zamani katika Mji wa Unguja

Katika mazungumzo yetu ya jioni hii twapenda kuwaeleza habari za majumba ambayo kwa kawaida hayatiwi katika hesabu ya majumba makuu ya mji wa Unguja. Habari za Jumba la Maajabu zimekwisha andikwa mara nyingi, kadhalika habari za Ngome Kongwe, na za misikiti, na za milango iliyonakshiwa. Lakini yalikuwako majumba mengine ambayo yaliingiwa na watu wa kila hali, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, wenye mali na wenye kubahatisha riziki ya siku. Nayo ni majumba ya sinema, au senema, kama watu wengi wa Unguja walivyozoea kutamka.

Yawezekana mtu akauliza: Je, nyumba ya kutazamia picha ni jambo la historia? Historia si habari za wafalme na vita na mikataba? Jawabu letu ni kwamba historia ya mji ni habari za watu waliokaa ndani yake, na mtu hajulikani kwa kazi yake tu. Hujulikana pia kwa mahali anapokwenda akisha maliza kazi. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne watu wa Unguja walipomaliza kazi walikwenda sinema. Basi mwenye kutaka kuujua mji huu kama ulivyokuwa hana budi kuyajua majumba hayo, jinsi yalivyoanza, jinsi yalivyostawi, na sababu zilizoyaangusha.

Na tuanze na asili ya jambo lenyewe. Tarehe 28 Disemba 1895, katika chumba cha mkahawa mmoja mjini Paris, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio picha fupi fupi kumi zilizokuwa zikienda. Haikupita hata miezi saba, na tarehe 7 Julai 1896 picha zao zikaonyeshwa Bombay katika Watson's Hotel. Kwa mtu wa Ulaya, Bombay ni mbali. Lakini kwa mtu wa Unguja Bombay ni jirani wa ng'ambo ya bahari. Majahazi yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi tangu zamani ambazo hapana ajuaye mwanzo wake, na meli za moshi zilipokuja zikafuata njia ile ile. Kwa njia iliyoleta nguo na mchele na samani, kwa njia hiyo hiyo zikaja na picha. Ndiyo maana sinema ya Unguja, ijapokuwa nchi ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890, haikuwa ya Kiingereza peke yake. Ilikuwa na uso mmoja ulioelekea Ulaya na uso mwingine ulioelekea Bahari ya Hindi.

Mwanzo picha zilionyeshwa na watu waliosafiri na mitambo yao, leo hapa na kesho kule. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Unguja, Bwana Hassanali Jariwalla, akaona kwamba watu hawa hawachoki kutazama, na kwamba kinachotakiwa ni mahali pa kudumu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mabati, na watu wakaiita kwa sura yake: Cinema ya Bati. Jina lenyewe laeleza habari yote. Kila aliyekaa chini ya bati mchana wa kaskazi ajua joto lake, na kila aliyekaa chini yake wakati wa masika ajua kelele zake. Lakini zama zile picha zilikuwa bubu, hazikusema neno. Basi mvua ilipiga mabati itakavyo na hapana mtazamaji aliyepoteza neno hata moja.

Biashara ikakua, na mwaka 1921 likafunguliwa Vuga jumba la haki, la mawe, nalo likaitwa Royal. Msanifu wake alikuwa John Houston Sinclair, Mwingereza mtumishi wa serikali aliyefika Unguja tangu mwaka 1896, na ambaye muda si mrefu baada ya hapo akawa Balozi Mkazi wa Waingereza. Yeye ndiye aliyechora jumba la mahkama la Vuga, na Beit el Amani iliyofunguliwa mwaka 1925, na mengineyo ambayo mpaka leo yaupa mji sura yake. Sinclair alipenda kuchanganya matao na kuba za Kiarabu na mpango wa Kizungu. Fikirini basi: mkono uliochora mahkama ya kuhukumia watu ndio uliochora na jumba la kuchekea. Mwenye mali alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi. Mchoraji alikuwa Mwingereza. Aliyekaa kitini kwa ufalme alikuwa Seyyid Khalifa bin Haroub, Mwarabu wa ukoo wa Al Busaid. Na waliolijaza jumba lile walikuwa Waswahili, Wangazija, Wahindi, Waarabu, na watu wa bara waliokuja kwa kazi. Hatujui mfano ulio wazi kuliko huo wa mji wa Unguja wa wakati ule.

Mwaka 1927 picha zikaanza kusema huko Marekani, na mwaka 1931 ikatoka Bombay filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, jina lake Alam Ara. Hapo mambo yakageuka. Picha bubu haina lugha. Kila mtu huielewa kwa macho yake. Lakini picha isemayo husema lugha ya watu fulani, na lugha zilizosemwa katika majumba ya Unguja zilikuwa Kihindi, na Kiingereza, na Kiarabu cha Misri. Kiswahili hakikuwamo. Mtu aweza kudhani kwamba watu wangeacha kwenda. Walakini haikuwa hivyo, bali walizidi. Aliyejua Kihindi alimweleza jirani yake, na jirani akamweleza wa pili, na maneno yakapita safu kwa safu mpaka kwenye viti vya mbele. Na pale maneno yalipokoma, wimbo uliingia, na wimbo haukuhitaji mkalimani. Hadithi zenyewe hazikuwa ngeni: mama na mwanawe, tajiri mwenye kudhulumu, vijana wawili wapendanao na wazazi wasiotaka, jamaa waliopoteana na kukutana tena. Mambo hayo Mswahili alikuwa akiyasikia katika ngano za bibi yake kabla hajaona taa ya umeme.

Hapa yafaa tueleze kidogo kazi iliyofanyika nyuma ya watazamaji, katika kile chumba kidogo chenye matundu, kwa kuwa wengi walilipa na kutazama wala hawakumwona aliyewaonyesha. Filamu ilikuwa utepe mrefu uliozungushwa katika magurudumu ya chuma. Utepe wa futi 1,000 ulikwisha kwa muda wa dakika 11 hivi, kwa maana kila sekunde moja picha 24 zilipita mbele ya taa. Filamu ya Kihindi ya saa tatu, basi, ilikuwa na urefu wa futi zaidi ya 16,000, yaani maili tatu na zaidi. Taa yenyewe ilikuwa moto mkali uliowaka baina ya vijiti viwili vya makaa, na mwenye mtambo alikuwa na kazi ya kuvisogeza vijiti hivyo visipungue, na kuangalia utepe usikatike, na kuwa tayari kuwasha mtambo wa pili gurudumu la kwanza linapokwisha, ili watu wasijue kwamba kuna kiungo. Tena utepe wa zamani, uliotumika mpaka miaka ya mwanzo ya 1950, ulitengenezwa kwa kitu kinachoshika moto upesi kama baruti. Ukisimama mbele ya taa kwa nukta chache tu, huungua. Kazi hiyo ilitaka mtu mwenye mikono mitulivu na macho yasiyosinzia.

Palikuwa na jambo jingine la ajabu. Aghalabu nakala ya filamu iliyofika Unguja ilikuwa moja tu, na watu wa kuitaka walikuwa wengi kuliko viti vya jumba moja. Basi filamu moja iliweza kuonyeshwa katika majumba mawili usiku mmoja: jumba la kwanza likianza mapema, na jumba la pili baadaye kidogo, na kijana mwenye baisikeli akikimbiza magurudumu kutoka huku kwenda kule kila yanapokwisha. Kijana huyo akipasukiwa na mpira njiani, mamia ya watu walikaa gizani wakipiga miluzi, hali katika jumba lile jingine wenzao walikwisha jua mwisho wa hadithi.

Sasa na tuwatazame watazamaji. Jumapili ndiyo siku iliyokuwa na heshima kubwa, siku ya filamu ya Kihindi. Watu walivaa vizuri, wakatoka familia nzima nzima, wakapita njia za mji taratibu, maana kutazamwa kulikuwa sehemu ya kutazama. Filamu ikiwa na sifa, tikiti zilikwisha mapema, na hapo walanguzi wakapata riziki yao: walionunua kwa bei ya dirishani wakauza nje kwa bei waitakayo. Siku za sikukuu, watoto waliopewa fedha za Idi walizigawa mafungu mawili, fungu la Mnazi Mmoja kwenye pembea na vitu vitamu, na fungu la sinema.

Kwa wanawake jambo hili lilikuwa na uzito wa peke yake. Mwanamke wa mjini, hasa wa nyumba yenye kushika sana ada, hakuwa na mahali pengi pa kwenda pasipokuwa arusini na matangani. Wenye majumba walilitambua hilo, wakaweka maonyesho ya wanawake peke yao. Hapo mabuibui yalijaa mlangoni, mama na binti zake, shoga na shoga zake, jirani na jirani. Na ndani, taa zikisha zimwa, mtu aliweza kulia kwa sauti bila ya kuulizwa analilia nini. Tusilidharau jambo hilo. Mume aliyemkataza mkewe kutoka usiku hakuona taabu kumruhusu kwenda mahali ambapo hapana mwanamume. Kwa hiyo, jumba la sinema lilifungua mlango ambao mahubiri na hoja nyingi hazikuweza kuufungua.

Na yaliyoonekana ndani hayakubaki ndani. Mshonaji aliulizwa kama aweza kushona nguo kama ile ya Nargis. Kinyozi aliulizwa kama aweza kukata nywele kama zile za Raj Kapoor, ambaye filamu yake Awaara ya mwaka 1951 ilishika nyoyo za watu wa Unguja kwa namna ambayo wazee hawajaisahau. Hata taarabu ilipokea fungu lake. Watu wa Unguja walikuwa na taarabu iliyokomaa kabla ya sinema kusema: chama cha Ikhwan Safaa kiliundwa mwaka 1905, na Siti binti Saad alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri mwaka 1928. Lakini filamu za Kihindi na za Misri ziliposhamiri, waimbaji walichukua sauti za nyimbo hizo wakazitilia maneno ya Kiswahili, yenye mafumbo ya Kiswahili na mizani ya Kiswahili. Huko siko kuiga kwa mtu asiye na chake. Ni desturi ya watu wa pwani ambao tangu kale hupokea kitu cha mgeni, wakakigeuza, mwishowe mgeni mwenyewe akikiona hakijui.

Serikali nayo ilikuwa na fikira zake juu ya picha. Maofisa wengi wa Kiingereza katika Afrika ya Mashariki waliogopa kwamba filamu za Marekani zingewafunza watu uhalifu na kuwapunguzia heshima Wazungu. Ndiyo sababu kulikuwako kamati za kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa. Wengine wakaona afadhali watengeneze picha zao. Baina ya mwaka 1935 na mwaka 1937, huko Vugiri katika Tanganyika, Bwana Notcutt na Bwana Latham walitengeneza filamu fupi 35 za kuwafunza Waafrika mambo ya kilimo, na afya, na kuweka akiba, wakazizungusha kwa lori katika nchi kadhaa. Nia yao huenda ilikuwa njema. Walakini tukilinganisha kazi ile na majumba ya Unguja twaona tofauti moja kubwa. Kule Vugiri watu walichaguliwa watakachotazama, wakahesabiwa kuwa wanafunzi. Huku mjini mtu alishika fedha yake mwenyewe, akachagua mwenyewe, na asipopenda akatoka akasema wazi kwamba ameibiwa. Katika nchi ambayo mtu wa kawaida hakuulizwa rai yake katika mambo mengi, dirisha la tikiti lilikuwa mahali pamojawapo alipoulizwa.

Hata hivyo yatupasa tuseme kweli, maana kumbukumbu hupenda kupaka sukari. Majumba hayo hayakuwa pepo. Watu walikaa chini ya paa moja, lakini hawakukaa kwenye viti vya bei moja. Aliye na fedha alikaa juu au nyuma, na asiye nazo alikaa mbele, shingo imepinda. Walikuwako maskini wa Ng'ambo na wa mashamba ambao hata bei ya mbele iliwashinda. Wala giza la sinema halikuondoa tofauti za kabila na za mali zilizokuwa nje. Katika miaka ambayo watu wa Unguja huiita zama za siasa, tangu uchaguzi wa mwaka 1957 mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, watu waliozoea kucheka pamoja Jumapili waligombana vikali siku nyingine, na mwezi wa Juni 1961 damu ikamwagika. Basi hatusemi kwamba sinema ilileta mapatano. Twasema tu kwamba ilikuwa mahali pa pamoja, na mahali pa namna hiyo palikuwa pachache.

Lile jumba la Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic, liliungua katika miaka ya mwanzo ya 1950. Badala yake likajengwa jingine pale pale Vuga, likamalizika mwaka 1955, nalo halikufuata tena matao ya Sinclair. Lilifuata mtindo mpya wa ulimwengu wa wakati ule, wenye kuta nyeupe na mistari iliyonyoka na pembe zilizoviringwa. Wakati huo mji ulikuwa pia na Empire na Sultana, hata mtu wa Jumapili aliweza kuchagua. Baada ya Mapinduzi majumba yaliingia mikononi mwa serikali. Jina la Sultana halikuweza kudumu katika nchi iliyomwondoa sultani. Likabadilishwa, likawa Cine Afrique. Lakini watu waliendelea kwenda, na filamu za Kihindi ziliendelea kupendwa. Hilo ni jambo la kuangaliwa na kila mwenye kuandika tarehe: serikali ilibadilika, bendera ilibadilika, wenye nyumba walibadilika, ila foleni ya Jumapili ilibaki.

Ni kitu gani basi kilichoyaangusha majumba hayo? Watu wengi hujibu kwa neno moja: televisheni. Jawabu hilo lapendeza kwa wepesi wake, lakini halilingani na miaka. Unguja ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya mwanzo ya 1970, nchi nyingi za Afrika zisipokuwa nayo, na majumba hayakufungwa kwa ajili hiyo. Upande wa pili, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na bado majumba ya huko yalikuwa yamekwisha dhoofika kabla ya mwaka huo. Ikiwa penye televisheni majumba yaliendelea, na pasipo na televisheni majumba yalidhoofika, haiwezi kuwa televisheni ndiyo sababu pekee.

Sisi twaona sababu tatu zilizofungamana. Ya kwanza ni uchumi. Filamu hununuliwa kwa fedha za kigeni, na vijiti vya taa na vyuma vya mitambo kadhalika. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipokula hazina, nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha hata kwa dawa, sembuse kwa filamu. Filamu zilizokuwako zikaonyeshwa tena na tena mpaka zikachakaa. Viti vikavunjika visitengenezwe. Paa likavuja lisizibwe. Ya pili ni kanda za video, zilizoenea katika miaka ya 1980. Kanda ilipita mfukoni mwa msafiri bila ya kuuliza idhini ya mtu, na chumba kimoja chenye mtambo mdogo kikawa sinema ya mtaa. Mtu akaona filamu mpya kwa jirani, hali jumba kubwa laonyesha ya miaka iliyopita. Ya tatu ni kubadilika kwa mji wenyewe, nayo ndiyo isiyosemwa sana.

Mji wa Unguja wa zamani ulikuwa na sehemu mbili: Mji Mkongwe wa mawe, na Ng'ambo, yaani ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliopita Darajani. Mkono ule ukafukiwa kidogo kidogo, mpaka lile daraja likabaki jina tu. Majumba ya sinema yalisimama upande wa mawe au karibu ya mpaka, na kila usiku watu wa Ng'ambo walivuka kuja mjini. Baada ya mwaka 1964 wenyeji wengi wa Mji Mkongwe wenye asili ya Kihindi na ya Kiarabu waliondoka, na pale Michenzani, katikati ya Ng'ambo, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, zikajengwa nyumba ndefu za ghorofa. Mji ukaendelea kupanuka kuelekea mashamba, na safari ya Jumapili ikazidi kuwa ndefu. Kisha milango ya biashara ilipofunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980, watalii wakaja, na kila jengo kubwa la Mji Mkongwe likapata bei mpya. Jengo lililoingiza fedha kidogo kila usiku kwa watu wa mjini halikuweza kushindana na hoteli au duka lililoingiza fedha nyingi kwa wageni.

Wala Unguja si peke yake. Dar es Salaam ulifunguliwa mwaka 1966 uwanja wa sinema ambamo watu walitazama picha wakiwa ndani ya motokaa zao. Leo mahali pale pana ubalozi wa Marekani. Mombasa nako, mtu akitaja Regal, au Naaz, au Majestic, vijana hawajui ataja nini. Pwani yote ilikuwa na majumba hayo, na pwani yote imeyaona yakigeuka maduka na maghala, au yakibaki magofu.

Hatuwezi kuwazuia watu kubadilika, wala hatutaki. Kijana wa leo hubeba katika kiganja chake filamu nyingi kuliko zilizoletwa Unguja katika miaka 50, na hapana atakayemshawishi aziache akakae kwenye kiti kilichovunjika. Ila yuko peke yake na kiganja chake. Anayelia hulia peke yake, na anayecheka hacheki na mtu wa safu ya nyuma asiyemjua jina. Zamani mtu alijua mji wake umejaa nani kwa kuwa aliwaona wote mlangoni mwa sinema. Hilo ndilo lililopotea, na halirudishwi kwa kununua mtambo mpya.

Lakini yapo yanayoweza kuokolewa. Mji Mkongwe ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba umekwisha salimika. Tukumbuke tarehe 25 Disemba 2020: sehemu ya Jumba la Maajabu, jengo mashuhuri kuliko yote, iliporomoka mchana kweupe, ikawaua watu wawili. Ikiwa jumba la mfalme laweza kuanguka mbele ya macho ya ulimwengu, jumba la sinema lisilo na mfalme lina mtetezi gani? Wako watu wa hifadhi waliofanya juhudi ya kulifufua Majestic lililochakaa, liwe tena mahali pa picha na muziki na mazungumzo. Juhudi hiyo yastahili kusaidiwa, wala si kwa ajili ya kuta tu. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, lililoasisiwa mwaka 1997, limeonyesha kwa miaka mingi kwamba picha ikiwekwa ndani ya Ngome Kongwe, uani, chini ya nyota, watu wa mjini na wageni huja na kukaa pamoja. Kiu ya kutazama pamoja haijakufa. Kilichopungua ni mahali.

Na liko jambo la pili, ambalo halihitaji fedha wala fundi. Majengo huacha hati na michoro. Watazamaji hawaachi kitu ila kumbukumbu zao. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 Awaara ilipokuwa ikisifiwa mjini, leo anakaribia miaka tisini. Wanawake waliokwenda maonyesho ya buibui, mafundi waliowasha taa za makaa, vijana waliokimbiza magurudumu kwa baisikeli, wapunguao ni wengi kuliko wabakiao. Kila mmoja anapokwenda huenda na sura moja ya kitabu ambacho hakijaandikwa. Basi twawaomba wasikilizaji wetu, kila mwenye mzee nyumbani, amwulize jioni moja: ulikwenda jumba lipi, na nani, ulikaa wapi, uliimba wimbo gani njiani ulipokuwa ukirudi? Majibu yaandikwe, pamoja na jina na mwaka kama yajulikana. Kipande cha tikiti au tangazo la zamani lililobaki katika sanduku lisitupwe.

Mji ukipoteza jumba waweza kujenga jingine, kama Vuga ilivyojenga baada ya moto. Lakini habari iliyokufa na mwenyewe hapana fundi wa kuijenga.